Kichwa kinaingia lakini picha haiji: jinsi ya kuzijua waya za kompyuta na TV kabla hujatoa hela

Kuna mjomba mmoja ana kibanda umiza kule Mikindani, jumamosi moja mchana alinijia dukani hapa Chikongola, Mtwara, bodaboda ikimsubiri nje, projekta kaipakata kama mtoto mwenye homa, mechi inaanza saa kumi na moja na watu washaanza kulipa kiingilio. Shikamoo mjomba. Marahaba mwanangu, ebu nichekie huu waya maana nimeuziwa mbovu. Waya wenyewe upande mmoja una kichwa cha HDMI cha kwenda kwenye king'amuzi, upande wa pili VGA ya projekta, ile ya bluu yenye skrubu mbili, kaununua elfu kumi na tano, mpya, bado una kile kikamba chake cha kufungia. Nikaupima na mita pini kwa pini, mzima. Nikamwambia mjomba huu waya hauna ubovu wowote na hautakupa picha mpaka kiama.

Akaniangalia kama nimemtukana.

Ya mjomba ntayamalizia huko chini, ila nimeanza nayo kwasababu kila msimu wa korosho hela za mnada zikishaingia naletewa kesi za hivi hivi, huyu kanunua TV mpya, yule kijana wa chuo kanunua laptopu, mshuti harusi kanunua eksteno (ile diski ya nje ya kuhifadhia mafaili), alafu vitu havisemeshani. Kosa karibu wote ni moja, mtu anaangalia kichwa cha waya kama kinaingia kwenye tundu basi anatoa hela. Sasa kichwa kuingia ni jambo moja, lugha inayopita humo ndani ni jambo jingine, na mzigo ambao waya unaweza kuubeba ni jambo la tatu kabisa. Hata ufunguo unaweza kuingia kwenye kitasa ukazunguka tu hewa. Twende taratibu.

HATUA YA 1: piga picha matundu ya pande zote mbili

Nimesema zote mbili. Watu wanakuja "nipe waya wa TV", TV yenyewe nyuma ina matundu sita, mi ntajuaje. Geuza TV, washa tochi ya simu, piga picha matundu pamoja na maandishi ya pembeni yake maana hayo maandishi ndo yenye siri, alafu geuza na kile unachotaka kukiunganisha nacho ufanye hivo hivo.

La bluu lenye vitundu 15 vya mistari mitatu na sehemu za skrubu ni VGA, kitu cha mwaka 1987 kilikuja na kompyuta za IBM na mpaka leo projekta za zamani kibao kwenye mashule zinayo. Lile pana jeupe lenye vitundu vingi na upenyo bapa pembeni ni DVI ya 1999, utaiona sana kwenye monita za mtumba zinazoshuka kutoka Dar. Bapa lililopunguzwa kona mbili za chini ni HDMI, pini 19, ilitangazwa mwishoni mwa 2002. Linalofanana na HDMI ila limekatwa kona moja tu ni DisplayPort ya 2006, pini 20, na hili linawapoteza wengi, nishaona mtu kalazimisha HDMI humo mpaka chuma kimepinda. Vile vitatu vya duara njano nyekundu na nyeupe ni AV, njano inabeba picha, nyekundu na nyeupe zinabeba sauti kulia na kushoto. USB nitaisema peke yake kwasababu ile ni ukoo mzima.

HATUA YA 2: jua tundu lako linaongea analojia au dijitali

Hapa ndo alipoangukia mjomba. VGA na AV ya njano zinatuma picha kwa kupandisha na kushusha volti kama mawimbi, hiyo ndo analojia. HDMI na DisplayPort zinatuma namba tupu, sifuri na moja, haraka haraka. Mashine moja ikituma namba na nyingine inasubiri mawimbi, waya wa shaba peke yake hauwezi kutafsiri, katikati lazima akae mkalimani, yaani chipu, na chipu inakula umeme. Waya wa mjomba haukuwa na chipu, shaba inaanza huku inatokea kule, mtu kabandika vichwa viwili tofauti akauza.

Kwahiyo ukitaka kutoka HDMI kwenda VGA tafuta adapta yenye kijiboksi au kichwa kinene, na nyingi pembeni zina kitundu cha kuchomekea waya wa USB wa kuiongezea umeme, maana kile kiumeme cha volti 5 kinachotoka kwenye HDMI ni kidogo na kuna adapta hakiziwezi. Angalia pia kama ina tundu la spika, lile la hedifoni. VGA haibebi sauti hata chembe, sauti unaitoa kwenye adapta unaipeleka kwenye sabufa kwa waya wake. Usiponunua yenye tundu la spika utaangalia mpira bubu.

Kuna na kesi ya kinyume ambayo inafurahisha kidogo. DVI na HDMI vichwa vyake havifanani hata kwa mbali ila lugha ya picha ni ileile, kwahiyo waya wa DVI kwenda HDMI hauhitaji chipu yoyote, shaba tupu inatosha, picha inakuja, sauti ndo usiitegemee. Ila DVI nayo chunguza ule upenyo bapa, ukiona umezungukwa na vitundu vinne hiyo ina analojia ndani na ile adapta ya bei chee ya kwenda VGA itafanya kazi, usipoviona vile vinne hiyo ni DVI-D, dijitali peke yake, usihangaike nayo.

HATUA YA 3: sema inatoka wapi inaenda wapi

Hapa nilikosea mimi. Nilimwambia mjomba nenda kachukue adapta ya HDMI na VGA yenye kijiboksi, akarudi mbio jasho linamtoka, kweli kaletewa yenye kijiboksi, ila ya VGA kwenda HDMI. Ile inatumika pale kompyuta ya zamani inapopeleka picha kwenye TV mpya, yeye anataka king'amuzi kipeleke picha kwenye projekta kuukuu. Adapta ya picha ni kama mto Ruvuma, haurudi mlimani. Mkalimani mle ndani anajua kusikia lugha moja na kuongea nyingine, ukimgeuza anakodoa macho tu.

Siku hizi dukani nimefundisha watu kusema sentensi nzima, "nataka ya kutoka HDMI kwenye king'amuzi kwenda VGA kwenye projekta". Ukitaja vichwa viwili bila mwelekeo umempa muuzaji ruhusa ya kukupa chochote.

Kwa DisplayPort hili lina uzito zaidi. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya TV kiadapta cha bei ndogo kinatosha kwasababu tundu nyingi za DisplayPort zinajua kuongea na kihdmi, utaona alama ya DP yenye vijumlisha viwili pembeni. Kutoka HDMI kwenda monita yenye DisplayPort peke yake sio hivo, hapo unahitaji adapta yenye chipu na umeme wake, bei inapanda, na ukiuziwa ya elfu nane ujue imepambwa tu. Wanaonunua monita za mtumba zenye DisplayPort bila HDMI wawe makini na hili, ule unafuu wa bei ya monita unaweza kuuacha wote kwenye adapta.

Na mjomba? Saa kumi na nusu ishapita nikatoa adapta yangu mwenyewe nayotumiaga dukani, HDMI kwenda VGA, nikachomeka king'amuzi chake, picha ikatokea sekunde moja ikafa. Nyeusi. Nikajua tu. Ving'amuzi na deki nyingi zina ulinzi unaitwa HDCP, kabla ya kutoa picha kinaiuliza mashine ya upande wa pili "wewe ni mwenzetu?", na adapta nyingi za VGA hazina jibu kwasababu picha ikishageuka kuwa analojia mtu anaweza kuirekodi. Laptopu hapohapo ilikuwa inaonyesha vizuri tu maana mambo ya kawaida ya laptopu hayaulizwi hilo swali, chaneli za kulipia ndo zinaulizwa.

Tukaangalia nyuma ya projekta. Kulikuwa na kitundu cha njano. Waya wa AV upo kwenye boksi la king'amuzi toka siku anakinunua, hajaufungua kwasababu jirani yake mwenye kibanda cha pili anajisifia HDMI. Njano kwenye projekta, nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, picha ikaja, sio kali lakini mpira unaonekana na namba za jezi kwa kukisia. Akapanda boda akaondoka na ile elfu kumi na tano yake ikiwa imeshapotea.

HATUA YA 4: piga hesabu ya mzigo wa picha

Hii wavivu wanairuka lakini ni hesabu ya darasa la saba. Picha ya HD kamili ina vidoti 1920 kwa 1080, kila kidoti kinabeba biti 24 za rangi (biti moja ni sifuri au moja), na picha inabadilishwa mara 60 kwa sekunde, hizo ndo hezi 60. Zidisha zote utapata kama gigabiti 3 kila sekunde. 4K ni vidoti 3840 kwa 2160, mara nne ya hiyo, karibu gigabiti 12. Hiyo ni kabla hujaongeza vikorokoro vingine vinavyosafiri pamoja na picha.

Sasa chukua matoleo ya HDMI uyapange mbele ya hiyo namba. HDMI 1.4 ya 2009 mwisho wake gigabiti 10.2 kwahiyo 4K inaiweza kwa hezi 30 tu, na hezi 30 ukisogeza mausi unaona inajivuta kama imekunywa uraka. HDMI 2.0 ya 2013 ni gigabiti 18, hapo 4K ya hezi 60 inapita. HDMI 2.1 ya 2017 inafika 48. Ukipata laptopu iliyoandikwa 4K ukaiunganisha kwenye TV ya 4K alafu ikakupa hezi 30, usikimbilie kulaumu TV, kwanza tafuta laptopu ina HDMI ya toleo gani. Kwenye TV nayo ingia menyu, TV nyingi tundu moja au mawili ndo yanabeba 4K kamili, na mara nyingi kuna kitu cha kuwasha kwa kila tundu, kimeandikwa UHD au Enhanced au kitu cha kufanana na hivo.

Waya za HDMI zenyewe hazipimwi kwa namba za toleo, zinapimwa kwa jina la spidi lililoandikwa kwenye boksi, High Speed, Premium High Speed, na Ultra High Speed ambayo ndo ya gigabiti 48 na boksi lake halali lina stika ya kuskani na simu. Waya ulioandikwa kwa wino wa dhahabu "2.1 8K" bila hiyo stika unaununua kwa imani. Na hata kwenye TV neno 2.1 siku hizi halikuhakikishii kitu maana wenye kiwango wenyewe wamefanya mambo mengi ya 2.1 kuwa ya hiari, kwahiyo acha kuuliza namba ya toleo, uliza "inatoa 4K hezi ngapi".

Urefu nao. Mita moja na nusu karibu kila waya unaweza. Wenye vibanda mnaoninginiza projekta nyuma na king'amuzi mbele, mita kumi na tano, waya mwembamba wa bei rahisi unaanza kutoa vidoti vyeupe vinametameta kama nyota au picha inakatika na kurudi. Hiyo ni dalili ya mzigo kuzidi waya. Shusha picha toka 4K kwenda HD kwenye seting uone, ikitulia umeshapata jibu bila kununua kitu.

HATUA YA 5: USB, na kwanini harusi iliniweka macho usiku

Mwaka juzi kijana mwenzangu anashuti harusi, msimu ule Masasi na Newala kulikuwa na harusi kila wiki, kaniletea gigabaiti 120 za video nimhamishie kwenye eksteno aondoke na basi la alfajiri. Nikachomeka nikaenda kula ming'oko, narudi baada ya nusu saa bado nusu. Eksteno mpya, laptopu nzuri, kumbe nimechomeka kwenye tundu jeusi na lile la bluu liko upande wa pili.

USB 2.0 ni ya mwaka 2000 spidi yake megabiti 480 kwa sekunde. Hapo kwenye biti ndo watu wanapigwa. Faili zako zinapimwa kwa baiti na baiti moja ni biti 8, gawanya unapata megabaiti 60, na kiuhalisia utaona 30 mpaka 40 kwasababu nyingine inaliwa na mawasiliano yenyewe. Gigabaiti 120 kwa megabaiti 35 kila sekunde ni karibu saa nzima. USB 3.0 ya 2008 ni gigabiti 5, mara kumi na kitu. Nilipohamia kwenye la bluu ikaja kama megabaiti 120 kwa sekunde, ambayo mzigo wote ingekuwa dakika 17 hivi. Mbona isiwe mara kumi? Kwasababu ile eksteno ni ya sahani inayozunguka na sahani yenyewe ndo mwisho wake hapo. Tundu pana halikimbizi diski nzito, ukitaka spidi ya tundu iliyobaki nunua eksteno ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka.

Rangi ya bluu ni desturi tu, sio sheria, kwahiyo usiiamini peke yake. Chungulia ndani ya tundu la USB lile la kawaida, USB 2 ina vipande vinne vya shaba, USB 3 ina vinne mbele na vitano vingine nyuma yake, jumla tisa. Au tafuta herufi SS pembeni ya ile alama ya mkuki wa matawi matatu. Na kuna kituko kimoja, ukichomeka USB 3 taratibu sana wakati mwingine vile vinne vya mbele vinagusa kwanza, kompyuta inadhani ni USB 2 na inabaki hivohivo, chomoa uchomeke kwa mkupuo mmoja.

Majina ya USB waliyoyatoa baada ya hapo ni fujo tupu. USB 3.0 ikabadilishwa jina ikawa 3.1 Gen 1, alafu ikawa 3.2 Gen 1, yote ni kitu kilekile cha gigabiti 5, kama mtu anayebadilisha jina kila akihamia wilaya. 3.1 ya ukweli ya 2013 ni gigabiti 10, 3.2 Gen 2x2 ni 20, USB4 ya 2019 inafika 40. Yapotezee majina, kwenye boksi tafuta namba ya gigabiti. Kama boksi limeandika "USB 3.2" bila gigabiti hesabu ni 5.

Kwenye ukoo huu kuna na waya za chaja tupu, ndani zina nyuzi mbili tu za umeme, data hazina. Simu inachaji, kompyuta haiioni kabisa, mtu anaformati simu bure. Kabla hujafika huko vuta kile kipazia cha juu kwenye simu ukachague kuhamisha mafaili, ikigoma badilisha waya, ikigoma tena ndo unaanza kufikiria simu. Na flashi ikikataa muvi ya gigabaiti 6 wakati ina nafasi, hapo waya hauhusiki, imeformatiwa FAT32 ambayo faili moja haliruhusiwi kufika gigabaiti 4, iformati exFAT ila kwanza hakikisha TV yako inaisoma.

HATUA YA 6: Taip C, hapa kaa vizuri

Taip C ilitoka 2014, pini 24, ukigeuza juu chini inaingia tu, na ndo imeleta mkanganyiko kuliko zote kwasababu ni kichwa tu. Narudia, kichwa. Mle ndani inaweza kupita USB 2 ya mwaka 2000, inaweza kupita gigabiti 40, inaweza kupita picha ya DisplayPort, inaweza kupita umeme wa kuchaji laptopu, au ukapita umeme kidogo wa simu na basi. Kwa nje zote ni pacha.

Mfano mzuri ni iPhone 15 ya 2023, ilivyohamia Taip C watu wakashangilia, lakini ile 15 ya kawaida spidi ya waya ni ileile ya USB 2, megabiti 480, na 15 Pro yenye tundu linalofanana kabisa inaenda gigabiti 10. Na hata hiyo Pro waya unaokuja nayo kwenye boksi ni wa USB 2, ule wa kasi unanunua mwenyewe. Kama wao wanafanya hivo, kasimu kako ka laki mbili na nusu usikategemee miujiza.

Kuna dada analetaga kazi za steshenari hapa, alinunua ile habu (kijiboksi cha kugeuza tundu moja kuwa mengi) yenye HDMI ili simu yake ionyeshe kwenye TV, akachomeka, USB inasoma, flashi inasoma, HDMI kimya. Akanisimulia karudisha dukani mara mbili. Habu yake nzima. Simu yake ndo haitoi picha kwa waya. Kutoa picha kwenye Taip C ni kitu cha ziada mtengenezaji anaamua kuweka au kuacha, na simu nyingi za bei ya kawaida wameacha. Galaxy S8 ya 2017 na S za baada yake zinatoa, ukoo wa A mara nyingi hautoi. Namna ya kujua, tafuta speki za modeli yako kamili, kwenye mstari wa USB ukiona 2.0 peke yake sahau waya, tumia ile ya kurusha kwa waifai kama TV ni smati. Ukiona 3.1 au 3.2 na neno DisplayPort hapo nunua habu.

Kwenye laptopu soma alama za pembeni ya tundu. Herufi D yenye P ndani maana yake picha inatoka. Kamshale ka radi ni Thunderbolt, ambayo toka toleo la 3 la 2015 inatumia kichwa hikihiki cha C na inabeba gigabiti 40 pamoja na picha. Alama ya betri au plagi maana yake laptopu inachajiwa hapo. Isipokuwa na alama yoyote chukulia ni data tu mpaka kitabu chake kiseme vingine.

Umeme sasa. Chaja za kisasa zinaongea na kifaa kabla ya kutoa, wanaulizana unataka volti 5, 9, 15 au 20, ndo maana chaja kubwa haiunguzi simu ndogo. Kawaida mwisho ulikuwa wati 100, toka 2021 kiwango kinaruhusu mpaka 240. Ila waya wa kawaida wa C kwa C ni wa ampia 3, kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Laptopu yako ikitaka wati 65 unahitaji waya wa ampia 5 wenye kichipu ndani ya kichwa, bila hivo itachaji pole pole au itakuambia chaja ni dhaifu na wewe utanunua chaja nyingine bure, nishaona mara tatu mwaka huu.

Ndani ya laptopu kuna pacha wengine wa namna hii, ile SSD nyembamba kama jojo inayoitwa M.2. Kuna ya SATA inayoishia kama megabaiti 550 kwa sekunde na kuna ya NVMe inayofika 3,500 na zaidi, umbo ni moja. Angalia kwenye meno ya shaba, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Laptopu nyingine zinakubali mojawapo tu kwahiyo fungua kwanza uangalie iliyomo kabla hujaagiza kwa basi kutoka Kariakoo, maana kurudisha mzigo Dar ni nauli nyingine na maneno mengi.

HATUA YA 7: jaribu kabla hujatoka dukani

Nenda na laptopu na faili moja la gigabaiti 2. Waya wa data, kopi faili, soma megabaiti kwa sekunde kwenye dirisha la Windows, ukiona 35 ulipe bei ya USB 2 hata kama boksi limeandikwa nini. Waya wa picha, chomeka kwenye TV ya dukani, ingia seting za skrini uangalie hezi ngapi, alafu utikise waya kidogo pale kwenye shingo ya kichwa, picha ikikatika uache palepale. Muuzaji akikataa kujaribu, Mtwara hii maduka ni mengi.

Na huu mji wetu una chumvi. Dhahabu kwenye vichwa vya HDMI haiongezi ung'avu wa picha asikudanganye mtu, ila dhahabu haishiki kutu, na kwa sisi tunaoishi Shangani, Mikindani au kule Lindi na Kilwa Masoko karibu na maji, hiyo peke yake ni sababu ya kulipa elfu mbili ya ziada. Tundu likianza kushika kijani au jeupe, zima kila kitu, chomoa umeme, chukua brashi laini ya meno na ile spiriti ya mafundi simu, isopropili, sugua kidogo acha ikauke kabisa. Usitumie petroli wala tina, inakula plastiki. Tundu usilolitumia lizibe na vile vifuniko vya mpira, pakiti nzima bei yake haifiki ya soda mbili.

Pia unapounganisha TV na sabufa au kompyuta, zima vyote na uvichomoe ukutani kwanza alafu ndo uchomeke HDMI. Nyumba nyingi huku hazina waya wa ardhi, ukigusa chuma cha nyuma unasikia kama sisimizi wanatembea mkononi, hicho kiumeme ndo kinachoua tundu la HDMI pale unapochomeka vitu vikiwa vimewashwa. Masika na radi zake chomoa na ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, radi inaingia na huo inapitia HDMI inaenda kulala kwenye TV.

Mjomba wa Mikindani alirudi baada ya wiki mbili, kanunua projekta nyingine ya mtumba yenye HDMI, safari hii kaja na picha za matundu kwenye simu, za pande zote mbili, moja kaipiga mpaka kidole chake kimetokea. Anataka waya wa mita kumi na mbili. Nikamuuliza inatoka wapi inaenda wapi, akacheka.